Mwezi wa Saba wa Mận

Ilikuwa mwaka elfu mbili na tano. La, nimekosea, ilikuwa elfu mbili na sita, maana ndio mwaka ule mwezi wa saba wa kalenda yetu ya mwandamo, ambayo kila miaka michache huongezwa mwezi mmoja, ulipokuja mara mbili, na bila hivyo Mận asingemweza kaka yake.

Mama yao alifariki miaka miwili nyuma. Mận, binti yake, alikuwa amemuuguza miaka saba, akimgeuza kitandani, akimlisha uji kwa kijiko, na mchumba wake aliyechoka kungoja akaoa kijiji cha pili. Tuệ, mwana wa kwanza wa kiume, alikuwa Poland akiuza nguo sokoni. Alifika kwenye mazishi amevaa koti jeusi zuri, akamtazama maiti, akasema mbele ya ukoo mzima: "Mama amekonda hivi? Chakula nilichokuwa nagharimia kilikuwa kinaliwa na nani?"

Mận akamfunika mama uso. Mimi, mzee wa kunoa visu nipitaye vijijini, nilikuwepo, na maneno yale sikuyapenda.

Sasa ikabaki siku ya kuanua matanga, ambayo kwetu huja baada ya miaka miwili: tarehe ishirini, mwezi wa saba. Siku hiyo mwana wa kwanza hushika udi, humwita mama, kisha huchoma vitambaa vyeupe vya msiba ambavyo watoto walijifunga kichwani. Akikosa, hata akiishi miaka mia, ukoo hautamsikiliza tena. Na mwezi ukija mara mbili, sisi hufuata ule wa kwanza. Hilo hata watoto wanalijua, ila aliyekaa ugenini husahau.

Nilikuwa uani kwa Mận nikimnolea kisu cha kuchinjia kuku, simu ikalia. Sauti ya Tuệ ni ya sokoni, niliisikia yote.

"Mdogo wangu, nimekata tikiti. Kwenye kalenda yangu inaangukia Septemba, tarehe kumi na mbili. Sivyo?"

Mận akaitazama kalenda ukutani. Siku yenyewe ilikuwa Agosti, tarehe kumi na tatu.

"Wewe ndiye mkubwa, kaka. Mambo ya ukoo unayajua wewe."

"Nayajua, ndiyo! Mkiachiwa ninyi wanawake mtavuruga kila kitu."

"Ndiyo maana tunakungoja."

Akakata simu. Nikamwambia, "Mận, huo ni mwezi wa pili. Mwambie."

"Hakuniuliza ni upi."

"Ni ndugu yako, mwanangu."

"Noa kisu, mzee."

Nikanoa. Nakiri pia kwamba nilinoa kwa furaha.

Agosti ikafika. Kuku, wali wa kunata, supu ya machipukizi ya mianzi, wageni wa mikeka kumi. Mzee Khoát, mkuu wa ukoo, akauliza, "Tuệ yuko wapi?"

"Alipiga simu, babu. Alisema tarehe anaijua."

Mzee akatema tambuu. "Anaijua na hakuja? Basi shika udi wewe."

Mận akapiga magoti, akasema na mama yake kwa sauti ya chini, muda mrefu, vijiti vya udi vikiteketea nusu. Kisha akachoma vitambaa viwili, chake na cha Tuệ.

Septemba Tuệ akashuka kwenye teksi na masanduku matatu. Jirani akamwita kutoka ng'ambo ya ukuta: "Ee Tuệ! Unakwenda msiba wa nani tena?"

Alipoelewa, alibadilika rangi. "Mận! Kitambaa changu kiko wapi?"

"Nilikichoma. Kilishika moto upesi."

"Ulijua! Kwa nini hukuniambia?"

"Mbele ya watu mia ulisema nilikula chakula cha mama anayekufa. Nani alikuambia useme?" Akamwekea bakuli la wali. "Kula, kaka. Usije ukakonda mikononi mwangu, watu watasema."

Tuệ hakula. Akaenda kwa Mzee Khoát, akaambiwa mzee amelala, na ilikuwa saa nne asubuhi. Siku ya nne akaondoka, na hadi leo hajarudi. Udi wa mama anaushika Mận, na kwenye mkutano wa ukoo hukaa mkeka wa mbele.

Nilipopita tena kijijini nilimkuta anachambua mboga, amenawiri. Nikamuuliza jambo moja tu: siku ile ulipopiga magoti, mama yako huko aliko alipouliza mwanangu wa kwanza yuko wapi, ulimjibu nini?

Akaendelea kuchambua mboga.