Boti Nzuri ya Gatete na Mfungo wa Ijumaa

Jua linachomoza upande wa Rugaaga, na Gatete tayari yuko matopeni. Maji ya Ziwa Nakivale yanamfika magotini tu, na boti anayoisukuma imegoma. Ndani wamo akina mama wa kanisa lake na magunia ya maharage ya kupeleka sokoni Misiera. Ufuko uko pale pale, unauona, lakini hufiki.

"Tushuke?" anauliza mmoja.

Wanashuka wenyewe, vitenge vimepandishwa, magunia kichwani. Gatete anajifanya anakagua kasia.

Alizaliwa milimani Kivu ya Kusini, katika ukoo wa wafugaji. Ng'ombe aliwajua kabla hajajua kusoma. Boti aliijua ukubwani, baada ya vita kumleta kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Alijifunza kupiga kasia kwa wavuvi. Basi akina mama walipochanga wanunue chombo cha kuvushia mazao, walimtuma yeye mjini Mbarara akachague.

Kwa fundi Kezironi alikuta vyombo viwili. Kimoja ni boti ya kuvulia, ndefu, iliyochongoka chini. Kingine ni jukwaa la mbao lililofungwa juu ya mapipa ya plastiki.

"Mzee, hii ya kuchongoka inataka maji mingi," Kezironi alimwambia. "Ziwa yenu ni matope tupu. Chukua ya mapipa, hiyo inapita juu juu."

Gatete alisikia vizuri sana. Ila aliizunguka ile boti, akaipapasa ubavu, akarudi nyuma kuitazama shingo, kama yuko mnadani.

"Niliichagua sawa vile mutu anachagua ngombe," anajisemea sasa. "Niliangalia vile inasimama. Ile ya mapipa nilisikia haya kufika nayo. Batu bangesema Gatete ametuletea kitanda."

Boti ilipokelewa kwa nyimbo. Wiki haikuisha, ikakwama. Mukarukundo, mjane anayeongoza kikundi, aliuliza kulikoni, naye Gatete akajibu upesi kwamba ziwa limepungua, mvua ikija mambo yatanyooka. Tangu hapo akina mama wanafunga kila Ijumaa, wakiomba mvua.

"Banashinda njaa juu ya uongo yangu," anajisemea, macho chini. "Na banalima hivyo hivyo. Ile haya inanimaliza."

Leo ni Ijumaa. Mukarukundo ndiye wa mwisho kushuka. Ameshika ukingo wa boti.

"Vumilia, Baba Umwiza," anamwambia Gatete, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Leo tunafunga tena. Mungu atatupa mvua."

Hapo Gatete anashindwa kujizuia.

"Mama Prezida, muache kufunga. Maji haina kosa. Fundi aliniambia nichukue ya mapipa, miye nikakataa, nikaona ni kitanda. Kosa ni yangu."

Akina mama waliokwisha fika ufukoni wamegeuka. Wamesikia kila neno. Gatete amesimama pale pale majini, uso unamwaka, hana pa kuuficha.

Kisha anaeleza mpango wake haraka haraka. Kezironi amekubali kwa simu kubadilishana, mradi boti isiwe na tundu. Kesho ataipakia kwenye lori mpaka Mbarara, na mapipa atarudi nayo mchana kweupe, apite nayo katikati ya Misiera.

Mukarukundo anajitwika gunia lake.

"Sawa. Sisi leo tutakula," anasema. "Wewe utafunga, mpaka utuletee kile kitanda."