Chupa Tupu za Mama Chibalonza

Chibalonza Nabintu anainua chupa ya kijani kwenye taa, anachungulia ndani, anakunja uso. Anairudisha kwenye maji ya moto. Inayofuata inampendeza, anaisukuma upande wa mashine ya kujazia.

Ni Februari 2022, ndani ya ghala moja la St Marys, magharibi mwa Sydney, na joto la leo halina huruma. Mama huyu wa miaka 51 kutoka Bukavu hapumziki. Mvinyo unaojazwa kwenye chupa hizo haugusi. Ni mlokole wa kutupwa.

Ni mvinyo mweupe, mkavu, na wanaoujua wanasema unauma ulimi kidogo kama pilipili manga. Unatoka kwa familia moja yenye kiwanda kidogo kusini mwa Jamhuri ya Cheki. Radim, mzaliwa wa huko anayeuingiza Australia, ndiye mwajiri wa Chibalonza.

Juni 2021 mambo yaliharibika pande zote mbili. Kule kimbunga kiling'oa mizabibu, kikaezua paa la kiwanda na kusaga bohari ya chupa. Huku Sydney ikafungwa kwa sababu ya korona, migahawa nayo ikafunga. Chibalonza akabaki na kazi ya siku mbili kwa wiki, kupeleka mvinyo uliobaki majumbani.

Hapo ndipo alipoanza kuwashangaza watu. Kila akikabidhi chupa iliyojaa, anadai tupu.

"Kwetu, ukikuja depo bila vidanji, bia haupate," anasema, akimaanisha chupa tupu. Aliuza bia miaka mingi kabla ya kuokoka, na kabla ya vita kumkimbiza. "Sasa hapa wanatupa chupa nzima kwenye bin! Roho iliniuma, kweli."

Radim alimwona kituko. Mashine za mjini zinazolipia makopo na chupa hazipokei za mvinyo, faida iko wapi? Chibalonza akazipeleka kwake Penrith, akazipanga uani mpaka zikafika dirishani.

Majirani wakanong'ona. Kanisani wakanong'ona zaidi, na mchungaji akamwondoa kwenye kuongoza maombi ya akina mama ya Zoom.

"Mimi, eti nalewa!" anasema, na machozi yanamlenga. "Iliniumiza kuliko corona. Lakini sikutupa hata moja."

Oktoba habari ikaja: mvinyo uliokuwa kwenye matangi ya chini ya ardhi umenusurika, ila chupa za kuutia hakuna, na mpya bei haishikiki. Mwenye kiwanda alitaka kuuza wote kwa bei ya kutupa, afunge. Radim naye angefunga ghala.

"Nikamwambia, boss, mwenye kiwanda aulete ndani ya tank. Vidanji niko nazo, zaidi ya elfu moja na mia tatu. Akaniuliza, serious? Nikamwambia, very serious!"

Wiki hii tangi la lita elfu moja limefika, na Radim mwenyewe ndiye anayebeba kreti.

"Ni jaribio," anasema. "Chupa zikiwa na harufu, au mvinyo ukichacha, tumekwisha wote."

Ndiyo maana Chibalonza anakagua kila chupa kwa macho na kwa pua, na anayemharakisha anakaripiwa.

Jioni, Radim akiwa ameonja na kuridhika, na kreti za kwanza zikiwa zimezibwa, anampigia mwenye kiwanda kwa video. Mzee anaonekana chini ya turubai, nyuma yake theluji na shamba lililopukutika. Anaziangalia chupa. Anajifuta macho kwa kofia.

Chibalonza anaichukua simu. Ameshawaomba wateja wa Campbelltown wamtunzie chupa. Anataka tangi la pili kabla ya Krismasi.

"Usilie, baba," anamwambia kwa Kiingereza chake. "Wewe panda mizabibu. Chupa niachie mimi."