Mwanamke wa Madrid Aliyehamia Kwetu

Asubuhi moja mama yangu alimkaribisha kahawa mwanamke ambaye hayupo duniani.

Na mimi ndiye niliyemleta nyumbani.

Naitwa Yudelka. Nina saluni hapa San Francisco de Macorís, na kwetu Dominikana saluni ni kuongea, nywele ni kisingizio tu.

Niliongea mpaka koo likagoma. Daktari akakuta vinundu kwenye nyuzi za sauti, akavikata, akanipa onyo: mwezi mzima hata kunong'ona marufuku, ukikaidi sauti usahau.

Wateja hawakunipa shida. Naandika kwenye simu, wanasoma.

Shida ilikuwa mama. Mama Onfalia haoni, kisukari kilimaliza macho yake zamani. Sasa niambie, bubu na kipofu nyumba moja wanaelewana vipi?

Mteja mmoja akanionyesha ujanja. Unafungua kivinjari kwenye kompyuta, unaandika maneno yako kwenye kisanduku, unabonyeza kitufe, mashine inayasoma kwa sauti.

Ila sauti ya bure ilikuwa moja tu. Mwanamke wa Madrid, anaongea taratibu kama mke wa balozi.

Nikaandika, nikabonyeza. "Habari za asubuhi, mama. Kahawa iko tayari."

Mama akajiweka sawa kwenye kiti, akavuta gauni magotini. "Karibu, bibie. Yudelka, mbona hukuniambia tuna mgeni? Mletee naye kahawa."

Nikaandika haraka, "Mama, ni mimi, Yudelka."

"Usinitanie, bibie. Binti yangu hajawahi kuongea kistaarabu hivyo."

Nikachoka. Nikaenda kumimina kahawa ya mgeni.

Hapo kulikuwa na jambo zito linaendelea. Kaka yangu Wascar, anayeishi New York, na mimi tulishakubaliana kuuza nyumba ya mama. Mnunuzi ni Don Ercilio, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mama tumhamishie kwenye fleti mji mkuu, Santo Domingo, ghorofa ya tatu, karibu na hospitali.

Tulimwambia, akajibu "sawa". Sisi tukajua kafurahi.

Siku moja nikiwa nampondea ndizi za kuchemsha za mangú, chakula chetu cha asubuhi, akaita. "Bibie, upo? Njoo nikwambie, wewe ni mtu mzima mwenzangu."

Nikasogeza kompyuta.

"Humu ndani naenda chooni bila fimbo. Natoka uani, nachuma ndimu zangu, najua jirani gani kapita kwa mlio wa pikipiki yake. Huko kwenye fleti nitakaa kwenye kiti nisubiri kushikwa mkono."

Ilinichoma. Nikaanza kuandika utetezi: mama, ni kwa ajili ya afya yako. Lakini vidole vyangu vizito, kabla sijamaliza sentensi yeye kashafika pengine. Nikafuta yote, nikaandika swali moja tu.

"Kwa nini hukumwambia binti yako?"

"Nimwambie saa ngapi? Nikifungua mdomo, yeye kashamaliza kunijibu."

Jamani. Nilibaki naitazama kompyuta kama imenitukana.

Kumbe hajamaliza.

"Sasa bibie, nisaidie. Mpigie Ercilio, mwambie nyumba haiuzwi. Kwa hiyo lafudhi yako, atasimama wima."

Yaani mimi, kwa mikono yangu, nivunje dili langu mwenyewe. Ercilio alikuwa anakuja na mwanasheria wake wiki hiyohiyo. Wascar angenila mbichi.

Nikamwangalia mama. Alikuwa ameshikilia mkono wa kiti kwa nguvu, anasubiri jibu.

Nikapiga simu, nikaiweka karibu na spika, nikaandika.

"Bwana Ercilio, naongea kwa niaba ya Bi Onfalia. Nyumba yake haiuzwi. Tafadhali usirudi tena na suala hili."

Huyu Ercilio mimi huwa ananiita "mrembo", na bei alikuwa ameshaishusha weee. Siku hiyo alijibu kwa adabu: "Nimekuelewa, mheshimiwa. Naomba radhi kwa usumbufu, mheshimiwa."

Muda si mrefu Wascar huyo hewani, Ercilio kashamfikishia habari. "Yudelka, mmemwekea mama wakili kutoka Hispania? Nani anamlipa?"

Mimi bubu, nimjibu nini? Alifoka mpaka akachoka mwenyewe.

Mwezi ukaisha, daktari akaniruhusu. Nikarudi nyumbani, nikamwinamia mama, nikasema polepole, "Mama, ni mimi. Yule bibie kaondoka."

"Kaondoka wapi, na wewe umesimama hapa?"

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Mwanangu, mimi sioni, masikio ninayo. Kila alipotaka kusema, nilisikia vidole vyako vinagonga kwanza. Na mgeni gani wa Madrid ananukia dawa ya nywele?"

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu kahawa ya kwanza."

"Sasa mbona ukajifanya hujui?"

"Ningekuita Yudelka, ungeanza kubishana. Bibie alikuwa ananiacha nimalize."

Nyumba ipo mpaka leo. Wascar alininunia, halafu akatuma hela ya kupaka rangi.

Na nyie mnaowapangia wazazi maisha, nawashauri mnyamaze kidogo. Msisubiri kisu cha daktari. Mama yangu akisema "sawa" siku hizi, nakaa kwanza, nangoja amalizie.