Kalamu ya Taa, Mkono wa Kaboni

Tupongezeni jamani, ofisi yetu ya vifurushi pale stendi ya Buzuruga imeendelea.

Leo bosi kaleta skrini ya kusainia kwa kalamu yenye taa nchani. Ukikandamiza, mstari unanenepa. Asubuhi nzima katuhubiria: "Mguso laini! Msinitie aibu!"

Akaja mama mmoja kuchukua senene zake kutoka Bukoba. Bosi akasema atamwonyesha yeye mwenyewe.

Sasa mkono uliozoea kusaini juu ya karatasi ya kaboni mnaujua. Bosi alikandamiza mpaka skrini yote ikawa nyeusi tii.

Mama akauliza kwa upole, "Baba, mimi nisaini wapi?"

Bosi hakumsikia. Alikuwa ameinua skrini, anatafuta nakala chini yake.

Nishaurini: nicheke leo, au nisubiri mshahara uingie kwanza?