Bakuli la Bibi Zainabu: tulivyochangia maziwa ya kifua Sepuka enzi za Ujamaa

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni bibi, nina wajukuu wenye ndevu, kwa hiyo wale wa shikamoo nawaitikia kabisa: marahaba.

Nimeona mnabishana kuhusu benki ya maziwa ya mama. Mmoja anasema kinyaa, mwingine anasema dini haimruhusu. Basi nami nina stori yangu. Sitaongeza chumvi, maana yenyewe imekolea.

Ilikuwa enzi za Ujamaa, upande wa Sepuka. Tulihamishwa kwenye makazi yetu ya zamani tukapangwa kwenye mstari mmoja wa nyumba. Wakristo, Waislamu, wote kisima kimoja. Jirani simjui, naye hanijui.

Nilikuwa nanyonyesha binti yangu wa kwanza, Neema. Mume wangu alikuwa Shelui anapakia malori, harudi mpaka mavuno.

Jirani yetu mmoja akafariki kwa uzazi. Akaacha kichanga, Ramadhani, mikononi mwa bibi yake, Bibi Zainabu.

Wakampa maziwa ya mbuzi, akaharisha. Wakayachanganya na maji, akazidi. Ikafika mahali mtoto analia bila sauti, mdomo tu unafunguka. Niliumia sana kumwona.

Mke wa balozi wa nyumba kumi akatuita kina mama wote wanaonyonyesha, uani kwa Bibi Zainabu. Akauliza nani atampa ziwa.

Kila mmoja akavuta kanga kifuani. Wakuu, ungesema wote tumekaukiwa.

Hapa vijana nisimame kidogo niwaeleze. Kwetu mama anayenyonyesha alitakiwa akae mbali na mumewe. Asipojizuia, mtoto akidhoofika wanasema kambemenda. Sasa ukijitolea kunyonyesha mtoto wa mwenzio, umetangaza kwamba chumbani kwako kumetulia. Na ukikataa, pia umetangaza!

Mke wa balozi akanigeukia.

"Mama Neema, wewe mumeo hayupo. Wewe huna shida."

Macho yote kwangu. Yule mtoto alikuwa ukingoni tayari. Nikimnyonyesha halafu akafa, watasema nini? Mume yuko Shelui, sasa huyu alikuwa na nani?

Ndoa yangu ingeishia pale pale uani. Nikainamisha kichwa.

Bibi Zainabu akatuangalia mmoja mmoja. Akainuka, akaosha bakuli kwa maji ya moto, akaliweka ndani chumbani kwake.

"Wanangu, ya vyumbani kwenu siyataki," akasema. "Ingieni mmoja mmoja, mfunge mlango. Wa kukamua akamue, wa kukaa tu akae kidogo atoke. Mimi sitauliza."

"Na akifa, bibi?" mmoja akauliza.

"Akifa ni Mungu kamchukua. Nitamnyooshea nani kidole? Ila mjue, kila atakayeingia, watoto wake ni ndugu wa huyu. Hawataoana."

Mama mmoja wa kanisani kwetu akaguna kwamba hayo ya kutooana ni ya Waislamu. Bibi akamjibu, "Mtoto ni Mwislamu, mama. Maziwa ni yako, tumbo ni lake." Akajipanga mstarini.

Tukaingia. Zamu yangu ilipofika nikakuta bakuli limevuka nusu. Nilikamua huku machozi yananitoka, sijui ya huruma au ya nafuu.

Nyuma yangu akaingia Mama Hadija. Huyu mimba nyingine ilishaanza kuonekana na anayemnyonyesha hajaota meno! Nikasema moyoni, huyu anakwenda kukaa tu. Akatoka kanga imelowa kifuani.

Bakuli likatolewa limejaa pomoni. Bibi Zainabu akalitazama, akatutazama.

"Kumbe wanaume wa kijiji hiki wavumilivu sana."

Tulicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kisha akaanza kumnywesha kwa kijiko, taratibu.

Tulirudi kila siku. Kuhara kukakata, sauti ikarudi, tena ikawa kero kwa majirani. Hakuna aliyebemendwa wala nini. Na hakuna aliyeuliza maziwa yalikuwa ya nani, ingawa mimi udadisi ulinitafuna miaka.

Nilichojifunza: siku ile hatukuogopa maziwa, tuliogopa kusemwa. Kwa hiyo hao wa benki wakija kwenu, kabla ya mashine waulizeni kwanza kama jina la mama litafichwa. Na wenye imani yao ya undugu wa ziwa waelezwe mapema, wasidharauliwe.

Kina mama wa humu, mngeingia chumba kile? Na kina baba, mngewaruhusu? Semeni ukweli, humu hatujuani.

Ramadhani yupo, mzee mwenzenu sasa. Alipotaka kuoa, kila nyumba aliyopiga hodi kijijini alimkuta dada yake. Mke ikabidi akamtafute Mtinko, na siku ya harusi waliposema mama wa bwana harusi asimame, tulisimama safu nzima.