Doa Jeusi la Padri

Juzi nilikuwa kwenye dirisha la dawa la misheni, hapa Bagamoyo, nimembeba mwanangu, maana kila nikimpitishia kidole usoni macho hayakifuati, na jirani kaniambia wazi, huyo haoni. Sijaeleza shida yangu, padri akatoka na kipande cha kioo cha kupigia picha, ametoka kukisafisha, kinachuruzika maji. Usiku alikuwa amekifunga kwenye darubini yake, apate picha ya wingu lililo kati ya nyota.

“Tazameni!” akasema, akikiinua juani.

Bibi mmoja wa Saadani akakunja uso. “Baba, mbona doa jeusi? Kama masizi ya sufuria.”

“Kwenye kioo, penye mwanga huwa peusi, Bibi. Jicho huliona wingu hilo kwa shida. Kioo kimelitazama muda mrefu bila kuchoka, ndipo likatokea.”

“Basi kina subira kunishinda mimi.”

Padri akakipitisha taratibu ili wote tuone, kikametameta, na mwanangu akageuza shingo akakifuata kwa macho, kushoto, kisha kulia. Nikaangua kilio.

Padri anawasimulia watu kwamba mama mmoja alililia wingu lake. Sijathubutu kumsahihisha, ila gazeti hili ninaloliandikia, najua yeye hulisoma.