Ng'ombe Aliyelala Juu ya Gato

Watu wa Goma wakitaka kunichokoza huniambia kwamba gato zangu, keki za sherehe, ni nzuri mno, kuzila ni dhambi. Mimi hukasirika. Gato ni ya kuliwa! Miaka yote hii nimekaa jikoni kwangu Himbi nikikanda fondant, ule unga wa sukari unaolainika mkononi na kufunika gato kama shuka iliyopigwa pasi, na sijawahi kutengeneza hata moja ili ikae kabatini. Waridi zangu zimewahi kudanganya nyuki. Sijisifu, nyuki mwenyewe alikuja dirishani nikamwona.

Basi siku ile binti mmoja alipokuja kuagiza gato ya ghorofa tatu kwa harusi yake, nilifungua simu nimwonyeshe picha: lulu, utepe wa dhahabu, maua yanayoshuka kutoka juu mpaka chini. Akazitazama zote kwa adabu. Kisha akasema, "Mama, miye nataka ngombe kule juu."

"Ngombe?"

"Ngombe moja tu."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka. Nikaona aibu, nikamvutia kiti akae, akanieleza.

Kwao ni Masisi, milimani, watu wa ng'ombe tangu mababu. Binti wa kwao hatoki nyumbani bila ng'ombe kuingia. Lakini walikimbia vita, ng'ombe wakabaki kule mlimani na hakuna aliyejua mwisho wao, na sasa baba yake alikuwa anakaa nyumba ya kupanga hapa mjini, mahali ambapo huwezi kupata majani ya kulisha hata mbuzi. Upande wa bwana harusi walileta bahasha ya pesa mahali pa ng'ombe, kama wengi wanavyofanya siku hizi. Muzee aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kabati, hakuifungua. Alisema hana kinyongo na kijana. Harusini atakuja, ila atakaa nyuma na wageni wengine. Kusimama mbele ya watu na kumkabidhi mtoto wake, hapana. Yeye hajaona ng'ombe.

"Papa akikaa nyuma," binti akasema, "nani atashika mukono yangu?" Akageuza uso kuelekea dirishani.

Nikamwambia afute machozi, ng'ombe atapatikana, na baba yake atasimama. Mimi na mdomo wangu!

Shida ni kwamba mimi ni mtoto wa mjini. Ng'ombe niliyemfahamu ni yule wa kwenye kopo la maziwa ya unga. Ndiye nikamtengeneza: mweupe mwenye mabaka meusi, kope ndefu, anatabasamu, na ua moja dogo nyuma ya sikio. Nilimsimamisha kwa miguu minne yenye vijiti ndani, nikampiga picha pande zote. Nilimpenda, kusema kweli. Binti alipokuja kumwona siku ya Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, aliizunguka meza mara mbili.

"Mama," akasema mwishowe, polepole, "papa akiona hii atasema tunamuchekelea."

Aa! Nilitaka kumrudishia maneno. Nani anaingia jikoni kwa mtu na kumtukania ng'ombe? Lakini aliondoka kichwa chini, nami nikabaki na huyo ng'ombe wangu, na unyevu wa ziwa ukaanza kazi yake. Jioni haijafika, miguu ya mbele ilikuwa imekunjika. Alikuwa amepiga magoti kama anayeungama, huku bado anatabasamu.

Binti alikuwa amenikataza kabisa nisimwambie baba yake. Ilikuwa iwe siri mpaka ukumbini. Lakini mimi siri hainikai tumboni, na kushindwa ndiko kabisa hakunikai. Ijumaa asubuhi nikamtia ng'ombe katika boksi la karatoni, nikafunga kilo ya fondant, rangi, na kopo la maizena, ule unga laini wa mahindi wa kuzuia isinate, nikapanda pikipiki mpaka kwa muzee.

Nilimkuta mlangoni, kofia kichwani, anachambua maharagwe. Nikamsalimia, nikamwambia mimi ndiye mama wa gato, nikafungua karatoni. Akaangalia muda mrefu. Akainama, akaangalia tena.

"Hii iko inakula nini?" akauliza.

"Muzee, ni sukari."

"Nauliza yeye, anakula nini? Na anachekea nini? Ngombe haichekake, mama."

Nikaeleza yote, kwamba ni ya juu ya gato ya binti yake, kwamba binti alilia jikoni kwangu. Mikono yake ikasimama juu ya maharagwe. Nilidhani atanifukuza, na angekuwa na haki.

"Miye sikusema nitasimama," akasema.

"Sikuuliza kama utasimama. Nauliza kama hii ni ng'ombe."

"Hapana! Hii si ngombe." Akanyanyuka, akanawa mikono mpaka viwikoni, akarudi. "Leta huo udongo wako."

Nilitaka kusema si udongo. Nikamwaga maizena juu ya ubao, nikampa bonge. Akalikanda mara tatu, akalinusa, akaanza. Jamani, mimi nimefundisha wasichana wengi kazi hii, na wengi hunipotezea fondant mwezi mzima kabla ya kupata sura ya sungura. Muzee huyu hakuuliza kitu. Alivuta shingo, akabonyeza nundu kwa kidole gumba, akateremsha ile ngozi inayoning'inia chini ya koo kwa kubana tu, kidogo kidogo. Aliniambia walipokuwa watoto machungani walikuwa wanafinyanga ng'ombe kwa udongo wa mtoni, kutwa nzima, na aliyefinyanga vibaya alichekwa mpaka nyumbani.

"Miguu itamwangusha," nikamwonya. "Akisimama, kesho atakuwa chini."

"Nani alikuambia asimame? Ngombe yenye kufika nyumbani inalalaka, inacheua."

Akamlaza, miguu imekunjwa chini ya tumbo. Mimi na vijiti vyangu vyote sikuwa nimewaza hilo. Pembe ndizo nilimfundisha mimi: spageti kavu ndani, fondant nje, ili zisivunjike. Alicheka kwa mara ya kwanza, eti ng'ombe mwenye mifupa ya spageti. Zilikuwa pembe ndefu, na ile ya kushoto aliipinda kidogo kuelekea sikio. Nikataka kuinyoosha, akanipiga mkono.

"Wacha! Ilikuwa hivi."

Hapo ndipo nikaelewa kwamba hafinyangi ng'ombe yeyote tu. Nikachanganya kakao na rangi nyekundu mpaka akasema inatosha, rangi ya chai kabla ya kutiwa maziwa, na yeye mwenyewe akapaka. Akataja jina la ng'ombe huyo, kwa sauti ya chini, kama unavyoita mtu aliye chumba cha pili. Muzee alipewa ng'ombe huyo na baba yake siku alipooa, ng'ombe akazeeka naye, na aliachwa kule mlimani. Jina sitaliandika hapa, ni la nyumba yao.

Nilipofunga karatoni nikamuuliza, "Muzee, kesho utasimama?" Akarudi kwenye maharagwe yake. Nilirudi Himbi roho juu, kwa sababu nilikuwa nimevunja siri ya mtoto wa watu na jibu sikupata.

Jumamosi ukumbini muzee alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kama alivyosema. Binti aliingia na shangazi yake. Nikajiambia basi, umeharibu. Gato ilikuwa imesimama vizuri, nyeupe, ghorofa tatu, na ng'ombe amelala juu. Msema harusi, yule mwenye maikrofoni, akaita maharusi wakate. Wakashika kisu pamoja, chenye utepe, wakakiinua kuelekea juu, alipolala ng'ombe.

"Hapana!"

Ukumbi mzima ukageuka. Muzee alikuwa amesimama, kofia mkononi. Akaja mbele, polepole, akipita kati ya meza, nami nikajibanza nyuma ya gato.

"Ngombe ya mahari haichinjwake," akasema. "Mulishaona wapi?"

Akamtazama ng'ombe. Akaita lile jina, kwa sauti sasa, akaanza kumsifu kwa Kinyarwanda jinsi wazee wa kwao wanavyosifu ng'ombe mahari inapopokelewa: pembe zake, mwendo wake, maziwa yake. Kutoka meza za nyuma wazee wengine wakaitikia. Binti alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, alilijua jina. Muzee alipomaliza alimtoa mkono mmoja mdomoni, akauweka ndani ya mkono wa bwana harusi, akaushika hapo kwa muda.

Wanasema nililia. Ni uongo, maizena iliniingia machoni.

Muzee akamnyanyua ng'ombe kwa mikono miwili, akarudi naye kwenye kiti chake. Maharusi wakakata ghorofa ya chini, watu wakala. Ila ng'ombe hakuliwa, naye ndiye kitu changu cha pekee kilichowahi kukaa kabatini. Nasikia yuko kule kwa muzee, juu ya kabati, kando ya bahasha.

Ningeishia hapo. Lakini kwao kuna desturi nyingine. Ng'ombe wa mahari akizaa, baba wa binti huwarudishia watoto, wale waliooana, ndama, waanzie zizi lao.

Miezi mingi baadaye, asubuhi moja, nilisikia hodi. Muzee alikuwa mlangoni, shati safi, mikono ameinawa tayari, bado ina maji.

"Mama wa gato," akasema, "ile ngombe yetu imezaa. Nimekuya kutengeneza ndama ya kupelekea batoto."

Sikucheka. Nikamvutia kiti, nikamwaga maizena juu ya ubao.

"Dume ao jike?" nikamuuliza.

"Jike," akasema, akikunja mikono ya shati. "Na yeye atazaa."